Vitamutamu vya mandari: kupika, kufungasha na kufikisha salama siku ya jua kali

Kitamutamu cha mandari hakipimwi kinapotoka kwenye oveni. Hupimwa pale kifuniko kinapofunguliwa kivulini, saa mbili tatu baadaye, kikiwa kimeshabebwa, kimetikiswa, kimelazwa ubavu ndani ya kikapu na kupigwa na jua dirishani mwa gari. Kwa hiyo mimi huanza kupanga kutoka mwisho: safari ni ndefu kiasi gani, joto litafika wapi, nani atabeba, watakaokula watakaa kwenye viti au kwenye mkeka, kisu kipo au hakipo. Ladha huifikiria baada ya hapo.

Nililijua hili kwa aibu. Niliwahi kutengeneza keki ya tabaka tatu, krimu katikati, stroberi zimepangwa juu kama vito. Niliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Tulipofungua, tabaka la juu lilikuwa limehama na kuegemea ukuta wa kontena, krimu imegeuka maziwa, stroberi zimetoa maji mekundu mpaka chini. Tukaila kwa vijiko humo humo ndani ya kontena. Ilikuwa tamu, sikatai. Ila keki haikuwa tena.

Joto linafanya nini hasa

Siagi huanza kulegea kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 ni mafuta. Krimu iliyopigwa husimama kwa sababu mafuta yake ni baridi na yameshikana kuzunguka viputo vya hewa. Mafuta yakipata joto, viputo vinaachia na krimu inashuka. Siagi ya kakao iliyomo kwenye chokoleti huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo raha ya chokoleti mdomoni, na ndiyo balaa yake juani: siku ya nyuzi 33 kila ulichokipaka chokoleti juu kitahamia kwenye vidole, nguo na mkeka.

Kuna na sukari. Ukiinyunyizia juu ya matunda yaliyokatwa, inavuta maji kutoka ndani ya tunda. Nyumbani hayo maji ni sharubati nzuri ya kumwagia keki, lakini kwenye kontena lililofungwa huloweka kila kitu kilicho chini yake. Sukari laini ya unga ukiipaka juu ya keki asubuhi, mchana huioni tena, imeshanyonya unyevu. Ibebe kwenye kichujio kidogo au chupa yenye matundu, uinyunyize huko huko.

Halafu usalama, na hapa sina mzaha. Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kinachoharibika kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili kwa jumla, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja tu. Hesabu inaanza kinapotoka kwenye baridi, wala haianzi upya ukikitoa mara ya pili. Kundi la vinavyoharibika ni krimu, kastadi, mtindi, jibini laini, matunda yaliyokwisha kukatwa, na vitamutamu vilivyotengenezwa kwa mayai mabichi. Hivi vya mayai mabichi mimi siviondoi nyumbani kabisa, hata nikiwa na barafu ya kutosha. Brauni (keki fupi na nzito ya kakao), biskuti, keki kavu isiyo na krimu, vipande vya oti na vipai vya matunda yaliyopikwa na sukari huvumilia siku nzima kivulini bila wasiwasi.

Jaribio la dirishani

Kama unatengeneza kitu kwa mara ya kwanza, kipe mtihani siku chache kabla. Tengeneza kiasi kidogo, weka kipande kimoja kwenye kontena lile lile utakalosafiria nalo, ufunge, uliweke dirishani panapopiga jua kwa saa mbili. Kila baada ya nusu saa litikise kidogo kama vile gari linapita kwenye mashimo. Mara moja uligeuze juu chini. Kisha fungua uangalie, na ule kipande hicho kwa mkono mmoja, umesimama, bila sahani.

Mkono mmoja ni kipimo kikali kuliko jua. Keki nyingi nzuri hufeli hapo: zinavunjikavunjika, zinadondosha, zinahitaji uma. Kipande cha sentimita 5 kwa 5, kinachoshikana chenyewe, ndicho kipimo changu cha kawaida. (Kipande cha jaribio chenye krimu au mtindi kionje kwa ncha ya kijiko ukishatazama umbo lake, kisha kitupe. Kimeshakaa juani.)

Brauni, ambayo ilizaliwa kwa kazi hii

Inasimuliwa kuwa mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, aliwataka wapishi wa hoteli ya Palmer House watengeneze kitamutamu kidogo kuliko kipande cha keki, cha kuwekwa kwenye maboksi ya chakula cha mchana cha wanawake waliohudhuria. Hoteli hiyo inasema brauni yao ilitokana na ombi hilo. Iwe ilizaliwa hapo au kwingine, umbo lake linajieleza: fupi, nzito, haina krimu, inakatwa miraba na haiogopi kulaliwa na mwenzake.

Kwa siku ya joto ninatumia kakao ya unga na mafuta ya kupikia, siyo chokoleti ya kuyeyusha na siagi. Kakao ya unga haina mafuta mengi ya kuyeyuka juani, na mafuta ya maji hayagandi kwenye baridi, kwa hiyo brauni inabaki laini hata ukiitoa kwenye friji. Utahitaji:

- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mililita 120
- sukari, gramu 220
- kakao isiyo na sukari, gramu 50
- maji ya moto, vijiko 3 vya chakula
- mayai 2
- unga wa ngano, gramu 80
- chumvi, nusu kijiko cha chai
- vanila, kijiko 1 cha chai

Washa oveni nyuzi 175. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20, ukiacha ncha mbili zining'inie nje; hizo ndizo mikono utakayoinulia brauni nzima.

Weka kakao kwenye bakuli, mwagia maji ya moto, koroga iwe kama rojo zito. Hatua hii usiiruke. Maji ya moto huamsha harufu ya kakao, na madonge yote yanavunjika hapa kabla unga haujaingia. Tia mafuta na sukari, koroga, kisha vanila na chumvi. Hakikisha mchanganyiko umepoa kiasi cha kutia kidole bila kuungua ndipo uvunje mayai, moja baada ya jingine. Sasa piga kwa nguvu kwa dakika mbili, mkono wako uchoke. Mapigo hayo ndiyo yanayoleta ule utando mwembamba unaong'aa juu, ambao kwenye safari unafanya kazi ya kifuniko.

Ukitia unga, badilisha mwendo. Chekecha, changanya polepole kwa mwiko mpaka usione tena weupe, halafu acha. Ukiendelea kupiga unapata keki ya kutafuna.

Oka dakika 20 hadi 25. Ukichoma kijiti katikati kitoke na chembe mbichimbichi zilizoshikamana. Kikitoka kikavu kabisa umechelewa. Pembeni patakuwa pameinuka kidogo, katikati pametulia.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kwenye brauni maneno haya ni ya kweli kabisa: ukiikata ingali ya moto inachanika na kubaki kwenye kisu. Ipooze ndani ya trei, kisha iweke kwenye friji saa mbili au usiku kucha. Inua kwa zile ncha za karatasi, kata kwa kisu kirefu, ukikipangusa kila baada ya mkato. Utapata miraba 16. Kwa kusafiri, tandika karatasi safi kwenye trei ile ile, irudishe miraba yote humo kama ilivyokatwa, funika kwa foili. Ikiwa imebanana haina pa kwenda.

Ukitaka njugu, lozi zilizokaangwa na kukatwakatwa ziingie mwishoni pamoja na unga. Lakini uliza kwanza nani atakuwepo. Mzio wa karanga na jamii ya lozi si jambo la kukisia, na watoto chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima hata kama hawana mzio, maana ni rahisi kuwapalia.

Vipai vya mkono

Kipai cha mkono ni nusu mwezi ya unga yenye matunda ndani. Ni kazi kuliko brauni, sitakuficha, lakini ndicho kitamutamu pekee ninachokijua ambacho kimekuja na kontena lake, na kontena lenyewe linaliwa.

Unga: gramu 250 za unga wa ngano, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, gramu 125 za siagi iliyotoka kwenye friji na kukatwa vipande vidogo, na maji ya barafu vijiko 4 au 5. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ifanane na chenga za mkate, ukiacha baadhi ya vipande vikubwa kama punje ya njegere. Hivyo vikubwa ndivyo vitakavyoachia matabaka. Nyunyiza maji kidogo kidogo, kusanya bila kukanda, funga donge kwa nailoni na uliache kwenye friji nusu saa.

Ndani: gramu 300 za tofaa au pichi zilizomenywa na kukatwa vipande vya sentimita moja, gramu 50 za sukari, kijiko cha chakula cha maji ya limau, mdalasini kidogo. Pika kwenye moto wa wastani mpaka matunda yalainike na kutoa maji. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi na vijiko viwili vya maji baridi, mwagia, acha kichemke dakika moja huku ukikoroga. Sasa pitisha mwiko katikati ya sufuria. Kama ile njia uliyoichora inabaki wazi kwa sekunde mbili tatu kabla ya kujifunga, umefika. Kama inajifunga papo hapo, pika zaidi, maana kipai kitavuja na mvujo utaungulia kwenye trei.

Poza mjazo huu mpaka uwe baridi kabisa. Ukiuweka wa vuguvugu, siagi ya unga inayeyuka kabla ya kuona oveni, na matabaka yote uliyoyahangaikia yanapotea.

Sukuma donge liwe na unene wa milimita 3, kata duara za sentimita 10 kwa kikombe au bakuli dogo. Kijiko kimoja kilichojaa, si zaidi, upande mmoja wa duara. Lowesha ukingo kwa maji, kunja, bana kwa vidole kisha kwa meno ya uma. Toboa tundu dogo juu. Mvuke usipopata tundu utajitafutia mlango, na mlango wake ni pale ulipobana. Paka yai lililopigwa, rudisha kwenye friji dakika 15, oka nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25, mpaka chini pawe pamekauka na kuiva rangi, siyo juu tu. Geuza kimoja uangalie. Unapata kama 12.

Vipooze juu ya wavu, hewa ipite chini yake. Usivifunge vingali na joto, kwa sababu mvuke unarudi kwenye unga na utakuta vimelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Ukishavipoza, visimamishe kwa ubavu ndani ya boksi gumu, kama vitabu kwenye rafu, na kila kimoja kwenye mfuko wake wa karatasi. Mfuko huo ndio sahani na ndio kitambaa cha kufutia mikono.

Jeli isiyoyeyuka

Watu wengi huiondoa jeli kwenye orodha ya mandari, na wana haki kama ni ya jelatini: huyeyuka chini ya joto la mwili, hivyo kwenye siku ya nyuzi 33 unabeba juisi. Dawa ni aga-aga, unga unaotokana na mwani. Huganda ikishuka kwenye nyuzi 35 hadi 40, tena bila friji, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka karibu nyuzi 85. Hakuna mandari itakayofika huko.

Ina tabia zake, ujue. Haichezi mdomoni kama jelatini. Inakatika, safi, kama tunda. Wengine hawaipendi kwa hilo. Mimi kwa siku ya jua naiona inaburudisha zaidi.

Kwa vikombe vinne: changanya gramu 4 za aga-aga ya unga (vijiko viwili vya chai bapa) na maji baridi mililita 250 na sukari gramu 60. Washa moto huku ukikoroga, na ikishachemka iache ichemke dakika mbili nzima. Isipochemka vya kutosha haigandi, na hili ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza. Epua, mimina juisi ya matunda mililita 250 iliyo kwenye joto la kawaida la chumba. Juisi ikitoka moja kwa moja kwenye friji, aga-aga inaganda papo hapo vipande vipande kama yai kwenye supu, na huna la kufanya ila kuipasha moto upya. Ikiwa juisi ni kali, kama ya limau, usiichemshe pamoja na aga-aga, kwani ukali na moto vikikutana huvunja nguvu yake.

Panga vipande vya matunda kwenye vikombe, mimina taratibu. Hapa kuna faida nyingine: nanasi bichi, papai na kiwi zina vimeng'enya vinavyokata protini, na jelatini ni protini, ndiyo maana jeli ya jelatini yenye nanasi bichi haigandi asilani. Aga-aga si protini. Nanasi linaingia bila kupikwa.

Itengeneze usiku wa kuamkia siku yenyewe, si kabla ya hapo, maana kadiri inavyokaa inatoa maji. Na kwa kuwa ina matunda yaliyokatwa, ni kweli haiyeyuki, lakini bado inasafiri kwenye barafu.

Vya haraka

Vipande vya oti na asali: yeyusha gramu 125 za siagi na gramu 125 za sukari na vijiko 3 vya asali, mimina juu ya gramu 250 za oti na chumvi kidogo, shindilia kwenye trei ya sentimita 20 kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu zako zote, oka nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25. Chora mistari ya mikato zingali za moto, kata zikipoa. Kushindilia ndiko kunakozifanya zishikane; ukishindilia kivivu utakula chenga. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata hii iliyookwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, na oveni haiviui.

Keki ya limau na mtindi: sukari gramu 200 isugue kwanza na maganda ya malimau mawili yaliyokwaruzwa, kwa vidole, mpaka sukari iwe na unyevu na chumba kizima kinukie. Piga na mayai 3, mafuta mililita 120, mtindi mililita 200. Unga gramu 250, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko. Trei ile ile, nyuzi 175, dakika 35 hadi 40. Mtindi ukishaokwa ndani ya keki hauhitaji tena barafu. Keki ya mafuta hubaki laini siku mbili tatu, ilhali ya siagi hukaza ikiwekwa kwenye friji.

Vya chupa: chupa ndogo za mdomo mpana, zenye kifuniko cha kuzungusha, mililita 200 hivi. Chenga za biskuti chini, mtindi mzito uliochujwa na kutiwa vanila katikati, matunda juu. Mpangilio huu una sababu, maana matunda yakiwa chini yanaloweka biskuti. Afadhali zaidi biskuti ziende kwenye mfuko wake na kila mtu ajinyunyizie. Vya chupa vinapendeza sana kwenye mkeka, ila vinakufunga kwenye boksi la barafu, kwa hiyo nitengenezapo hivi sitengenezi kingine cha baridi.

Meringi, zile za ute wa yai uliopigwa na sukari, usihangaike nazo kama hewa ina unyevu mwingi. Zinanata kabla hujafunga kifuniko.

Boksi la barafu na mpangilio wake

Usiku wa kuamkia siku hiyo, gandisha chupa za plastiki za maji, ukiacha nafasi juu, kwani maji hutanuka kwa asilimia 9 hivi yakiganda na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Pande kubwa la barafu huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya uzito ule ule, kwa sababu eneo lake linaloguswa na joto ni dogo. Zaidi ya hayo, likiyeyuka ndani ya chupa, haliloweshi kitu, na jioni una maji baridi ya kunywa.

Boksi lenyewe litoe stoo mapema. Watu hulifuata likiwa limekaa kwenye joto siku tatu, wakalijaza vitu, kisha wakashangaa barafu imeisha saa tano asubuhi; nusu ya barafu imetumika kupoza kuta za boksi. Litie chupa mbili za barafu saa moja kabla, ndipo upange.

Vitu viingie vikiwa baridi tayari. Boksi linatunza baridi, halitengenezi. Tandaza barafu chini, panga chupa na vikombe vya jeli wima na kwa kubanana, kisha barafu nyingine juu, maana hewa baridi hushuka. Nafasi zilizobaki zijaze taulo, kwani pengo la hewa ndilo linalokula barafu. Theluthi moja ya boksi iwe barafu. Nikiona pungufu ya hapo napunguza vyakula. Na vinywaji viwe na boksi lao. Boksi la vinywaji hufunguliwa kila dakika, la vitamutamu lifunguliwe mara moja.

Zabibu na beri zilizogandishwa ni barafu inayolika: ziweke kwenye mfuko kati ya chupa, ukifika zimelegea nusu. Zabibu za watoto wadogo zikatwe kwa urefu, kila moja vipande vinne, kabla ya kugandishwa.

Kwa aiskrimu kuna chupa ya chai ya mdomo mpana. Wengi huihesabu chombo cha joto, kumbe mwanasayansi James Dewar alipobuni chupa ya kuta mbili zisizo na hewa kati yake, mwaka 1892, alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa sana mpaka zikawa kimiminika. Ijaze maji ya barafu kwa dakika kumi, yamwage, pangusa haraka, shindilia aiskrimu ngumu kama jiwe, funga. Kwa safari fupi inafika ikiwa aiskrimu.

Ndani ya gari, boksi likae mlipo nyinyi, siyo kwenye buti. Gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50 ndani yake bila shida, kwa hiyo mkifika, boksi litoke kwanza kabla ya mpira na mkeka.

Ratiba ninayoifuata

Siku mbili kabla: brauni, oti, mjazo wa vipai. Brauni inaongezeka utamu siku ya pili, kwa hiyo hupotezi kitu. Siku moja kabla: keki ya limau, unga wa vipai, barafu, na jioni jeli na vya chupa. Vipai navikunja usiku nikiviacha bila kuoka kwenye friji, naamka navioka vikiwa baridi vile vile. Asubuhi yenyewe nataka kazi mbili tu, kuoka vipai na kupanga boksi. Kila mara nilipoacha kitu cha tatu, tulichelewa kuondoka.

Kwenye mkoba tofauti: kisu kimoja chenye ala, kibao kidogo, vijiko, vitambaa vibichi, chupa ya maji na sabuni ya kunawia, mfuko wa taka, kichujio cha sukari. Kijiko cha kugawia ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Mimi nakifunga kwa mpira juu ya kontena lenyewe.

Mkishafika

Weka kila kitu kivulini na ukumbuke kwamba kivuli kinahama; palipokuwa na giza mchana, alasiri pana jua. Usitandaze vitamutamu vyote pamoja na chakula. Sukari huita nyuki na sisimizi, na wakishajua mlipo hawaondoki. Vikae vimefungwa mpaka watu wamalize kula, kisha toa vya baridi kwanza, kiasi cha kuliwa kwa raundi moja, ufunge boksi. Sisimizi wakizidi, weka kontena juu ya bakuli lililogeuzwa ndani ya sinia lenye maji kidogo.

Angalia saa unapotoa vya krimu na mtindi, au mwambie mtu mmoja aikumbuke. Kikishatimiza muda wake nje kinatupwa, hata kama kijiko hakijakigusa. Kukirudisha kwenye barafu hakukisafishi. Brauni zilizobaki zirudi nyumbani ndani ya trei yake. Usiku, ukiwa umeshatoa mchanga kwenye mkeka na kuosha makontena, utakuta bado mbili tatu za pembeni, zile ngumu kidogo, na chai.